Tangazo Linalobaki Mdomoni mwa Watu

Mkazi wa Nsemulwa, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, hakosi tangazo. Muuza dawa ya panya na kunguni hupita mtaani na kispika chake, sauti iliyorekodiwa ikirudia orodha ile ile ya wadudu mpaka nyumba ya mwisho. Redio ikiwashwa, iwe Mpanda Radio FM au stesheni kubwa za Dar es Salaam, kuna duka la mabati, kuna kampuni ya simu, kuna sabuni. Akifungua YouTube kutafuta mahojiano au simulizi, kabla hajafika kwenye alichokitaka anakutana na mtu asiyemjua akimwonyesha kitu ambacho hakukiomba. Machache sana kati ya hayo yanabaki kichwani hadi jioni, na yanayobaki si lazima yawe yale yaliyokula fedha nyingi. Siku hizi wafanyabiashara wa mikoani nao wameanza kulipia podikasti na video za mtandaoni, mara nyingi kwa fedha ambayo ingeweza kununua mzigo wa dukani, kwa hiyo inafaa tuulize kwa uzito ni nini hasa kinachofanya tangazo likumbukwe na pia lilete mteja. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba tangazo hufanya kazi linapomwachia mtu kitu cha kutumia: neno la kusema, au hatua ya kuchukua. Kitu hicho kiwe kimefungamana na bidhaa kiasi kwamba huwezi kukisimulia bila kuitaja. Kelele, picha za kung'aa na sura ya msanii vinafuata nyuma.

Ushahidi wa jambo hili tunao hapa nchini, na kila aliyekuwa na redio mwishoni mwa miaka ya 2000 anaukumbuka kwa jina: Fataki. Yalikuwa matangazo mafupi ya redio yaliyotengenezwa na mradi wa STRADCOM, chini ya Kituo cha Programu za Mawasiliano cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa fedha za serikali ya Marekani. Fataki ni mwanaume mtu mzima mwenye vijisenti anayemrubuni msichana wa umri wa mwanawe. Anaahidi, anabembeleza, anakaribia kufanikiwa, halafu mtu wa kawaida aliye karibu anaingilia kati na njama inavunjika. Mwisho msikilizaji anaombwa awalinde awapendao. Baada ya muda neno lilitoka redioni likaingia magazetini, likaingia shuleni, likaingia kwenye daladala, na hadi leo mzee anayewanyemelea wanafunzi anaitwa fataki hata na kijana ambaye hakuwahi kulisikia tangazo lenyewe. Tuangalie kilichofanyika hapo. Mwanaume wa namna hiyo alikuwa na majina mengine mtaani, na baadhi yake, kama pedeshee, yalikuwa na sifa ndani yake. Tangazo lilimpa jina la kuchekwa. Pia lilimpa kazi mtu wa pembeni, yule ambaye siku zote huona na kunyamaza kwa kuogopa kuingilia yasiyomhusu. Hakuhitaji tena kutoa hotuba wala kugombana. Alitaja jina tu, na kila mtu akaelewa. Hakuna aliyelazimishwa kulikariri tangazo hilo. Watu walilibeba kwa sababu lilikuwa na faida kwao siku iliyofuata.

Hata hivyo, neno kuenea ni jambo moja na mwenendo kubadilika ni jambo jingine. Hapa ndipo wauzaji wengi wa matangazo wanapomchanganya mteja wao: wanamwonyesha idadi ya waliotazama na kuiita mafanikio. Kupima kama tangazo limefanya kazi kunahitaji mahali ambapo tangazo halikufika, ili uweze kulinganisha. Tanzania ilifanya kipimo hicho kwa ustadi ambao bado unafundishwa vyuoni duniani. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, uliokuwa na ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI ndani ya kisa cha watu wa kawaida. Mhusika aliyevuta masikio zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani kubeba matokeo. Mchezo ulisikika karibu nchi nzima isipokuwa eneo lililohudumiwa na mtambo wa Dodoma, ambako kati ya 1993 na 1995 vilirushwa vipindi vingine kwa makusudi. Watafiti, wakiongozwa na Everett Rogers na Peter Vaughan, walifuatilia pande zote mbili mwaka hadi mwaka. Kule mchezo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda, na wasikilizaji walieleza kupunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Dodoma haikuonyesha mabadiliko ya namna hiyo. Mchezo ulipofunguliwa Dodoma mwaka 1995, matumizi ya uzazi wa mpango huko nako yakapanda. Ni vigumu kupata ushahidi safi kuliko huo kwamba sauti tupu, bila picha, bila zawadi ya kushindania, inaweza kubadili anachofanya mtu akiwa chumbani kwake.

Somo la Dodoma lilikuja kurudiwa na kampuni kubwa za mtandao miaka mingi baadaye. Wachumi waliofanya kazi na eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walizima matangazo ya kulipia yanayotokea mtu anapotafuta jina la kampuni hiyo, wakaangalia mauzo yatashuka kiasi gani. Hayakushuka kwa kiasi cha maana. Waliokuwa wakibofya tangazo wangefika dukani hata bila tangazo. Kampuni ilikuwa ikilipia wateja ambao tayari walikuwa wake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015 na yaliwakera wengi wanaoishi kwa kuuza nafasi za matangazo. Mfanyabiashara wa Mpanda anayeambiwa kuwa video yake imetazamwa na maelfu anapaswa kuyakumbuka, kwa sababu kutazamwa hakujamwambia bado kama kuna gunia moja la ziada lililouzwa.

Tukija kwenye podikasti, nguvu yake iko kwenye sauti ambayo msikilizaji ameizoea. Donald Horton na Richard Wohl waliandika mwaka 1956, enzi za redio na televisheni changa, kwamba mtu anayemsikiliza mtangazaji yule yule kwa muda mrefu hufikia kumwona kama rafiki, ingawa mtangazaji hamjui kabisa. Kwetu hilo si jambo la kusoma vitabuni. Vibanda vya video vilijaa kwa sababu ya sauti za wasimulizi kama Lufufu, waliochukua filamu ya Kihindi au ya Kimarekani na kuieleza kwa Kiswahili kana kwamba wahusika wanaishi Temeke. Mtu alichagua kanda kwa kuangalia nani ameitafsiri. Leo simulizi za sauti zilizopakiwa YouTube zinasikilizwa na fundi cherehani akiwa kazini na dereva akiwa safarini, na mahojiano marefu kama ya kipindi cha SalamaNa cha Salama Jabir yanaweza kumweka mtu kwenye mazungumzo kwa muda ambao hakuna bango la barabarani lingeweza kumshikilia. Ndani ya mazingira hayo, tangazo linalosomwa na mwendesha kipindi mwenyewe, kwa maneno yake, husikika kama ushauri wa mtu wa nyumbani. Tangazo lililorekodiwa na mtu mwingine kwa sauti nzito yenye mwangwi, likachomekwa katikati ya kisa, husikika kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa podikasti ya Kimarekani Serial, iliyoanza mwaka 2014. Mdhamini wake alikuwa Mailchimp, kampuni ya kutuma barua pepe za kibiashara, biashara isiyo na mvuto wowote wa kisa. Tangazo lake lilikuwa mkusanyiko wa sauti za watu wa kawaida wakilitaja jina hilo, na msichana mmoja akalikosea, akasema "Mailkimp". Waliotengeneza wangeweza kulifuta kosa hilo. Walilibakiza, na wasikilizaji wakaanza kutaniana kwa kulirudia. Tazama kwamba kilichorudiwa kilikuwa jina la kampuni lenyewe. Kama msichana yule angekosea neno lingine lolote, watu wangecheka vile vile na kampuni isingepata kitu.

Video ya mtandaoni ina sheria yake nyingine, iliyowekwa na kitufe. Tangu mwishoni mwa 2010 YouTube imempa mtazamaji uwezo wa kuruka matangazo mengi baada ya sekunde tano. Sekunde tano ndizo alizonazo mwenye tangazo kwa uhakika, zilizobaki anaziomba. Mwaka 2015 kampuni ya bima ya GEICO ya Marekani ililichukua jambo hili kwa uzito wake. Katika sekunde tano za kwanza za tangazo lake, familia iko mezani, jina la kampuni na ujumbe wake vimeshasemwa, na sauti inamwambia mtazamaji kuwa hawezi kuliruka tangazo hilo kwa kuwa limeshaisha. Waigizaji wanaganda kama sanamu, lakini kamera inaendelea, na mbwa mkubwa wa nyumbani anapanda mezani kula chakula cha familia. Aliyeruka alikuwa ameshaupata ujumbe, na aliyebaki alibaki kwa hiari. Sasa linganisha na video nyingi za biashara zinazotengenezwa kwetu: sekunde za mwanzo zinaliwa na nembo inayozunguka kwenye moto, muziki wa kukopa, kisha swali "Je, unasumbuliwa na...", kisha orodha ndefu ya bidhaa, kisha namba tatu za simu zinazopita haraka. Mtazamaji ameshaondoka kabla jina halijatajwa. Kibaya zaidi, amelipia. Anayetazama video Nsemulwa anatumia bando alilonunua kwa fedha yake, na kila tangazo linalomchezea linamtafunia MB zake. Mwenye tangazo anaingia kwa gharama za mwenye nyumba, na adabu ya chini kabisa ni kumpa kitu kabla ya kumwomba kitu.

Tuseme mtu ana mashine ya kukoboa mpunga Nsemulwa na anataka wakulima wa Mwamkulu na Kakese wailete mizigo yao kwake. Hofu ya mkulima inajulikana: mashine mbovu inakata mchele, chenga zinakuwa nyingi, na gunia linashuka bei. Video yenye kufaa inaanza hapo hapo. Mkono umepokea mchele unaotoka kwenye mdomo wa mashine, ukafunguliwa karibu na kamera, punje ndefu zikaonekana nzima, na mlio wa mashine unasikika kama ulivyo bila muziki juu yake. Katika sekunde hizo hizo mwenye mkono anataja jina la mashine na kusema mkulima ahesabu chenga mwenyewe kabla ya kulipa. Kisha, kwa atakayebaki, vipimo viwili kando kwa kando: mchele wa mashine iliyochoka na mchele wa hapa. Kisha bei ya kukoboa gunia, siku za kazi, na njia ya kufika ikionyeshwa kwa kamera kuanzia barabarani mpaka mlangoni. Nusu dakika inatosha, na simu ya kawaida inatosha. Mkulima akiulizwa na mwenzake atasema, "Nenda pale wanapokuruhusu uhesabu chenga." Amelitangaza upya bila kulipwa, na hawezi kulitangaza bila kuitaja huduma yenyewe. Bila shaka sharti ni kwamba mashine iwe nzuri kweli. Mchele ukitoka umekatika, video hiyo hiyo itakuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kujisumbua, kwa kuwa kinachofanya tangazo likumbukwe ni kurudiwa tu, na muuza dawa ya panya ni shahidi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kuwa watu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi, hata bila kukifikiria. Na kispika cha mtaani kinafanya kazi kweli. Lakini kinafanya kazi kwa sababu anayekisikia hana pa kukimbilia, na kwa sababu muuzaji yuko hapo hapo na pakiti mkononi. Kusikia na kununua vinatokea dakika moja. Kwenye simu mtu ana kidole chake. Ukimrudishia video mbaya mara kumi, unamfundisha kuikimbia haraka zaidi kila mara. Kurudia kunakomaza kile kilichokuwemo tangu mwanzo. Kama hamkuwa na kitu, kinachokomaa ni kero. Fataki nayo ilirudiwa sana redioni, tena kwa visa tofauti vyenye mhusika yule yule, na naona ndiyo sababu haikuchosha: msikilizaji alimjua Fataki lakini hakujua leo atakwama wapi.

Hoja ya wachekeshaji na wasanii ni ngumu zaidi, kwa sababu fedha nyingi za matangazo nchini zinaelekea huko. Tangu enzi za kipindi cha vichekesho cha Ze Comedy, Watanzania wamekuwa wakipenda tangazo linalochekesha, na sioni sababu ya kuwanyima. Tatizo ni kicheko kinachosimama peke yake. Mtu anasimulia kisa chote cha video, anaigiza sauti, anacheka, ukimuuliza ilikuwa ya kampuni gani anasita, au anataja mpinzani. Hapo mchekeshaji ametangazwa kwa fedha ya muuza sabuni. Kipimo ni rahisi: ondoa bidhaa kwenye kisa. Kisa kikiendelea kusimama vizuri, bidhaa haikuwa na kazi humo. Na kukumbukwa kwa fujo nako si kufaulu. Kenya mwaka 2013 tangazo la kondomu lililohusu mwanamke wa ndoa mwenye mpango wa kando lilitikisa nchi nzima. Viongozi wa dini walilalamika, na likaondolewa kwenye televisheni. Lilikumbukwa sana, nafikiri hata sasa, lakini mjadala uligeuka kuwa wa ndoa na maadili, na ujumbe wa kinga ukabaki nyuma.

Mtu anaweza pia kupinga kwamba mifano yangu mikubwa ni ya afya, iliyobebwa na wafadhili wenye mifuko mirefu, na kwamba kuuza bati au asali si sawa na kuokoa maisha. Kwa upande wa fedha, sawa. Kwa upande wa ugumu wa kazi, mizani inaelemea upande wa pili. Kumshawishi mtu abadili mambo ya kitandani ni kazi nzito kuliko kumshawishi abadili duka la bati, na kama kisa chenye mhusika kiliweza lile la kwanza, hakiwezi kushindwa na la pili. Biashara yenyewe imethibitisha. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007, haikujitangaza kwa kueleza teknolojia yake, ambayo ilikuwa mpya kabisa kwa watu. Ilimwambia mtu aliye mjini atume pesa nyumbani. Picha ilikuwa ya mtoto mjini na wazazi kijijini, na hatua ya kuchukua ilikuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008 ilikuta mahitaji yale yale, na huku Katavi, kwa mwenye ndugu Sumbawanga, Tabora au Kigoma, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwa nini jambo hilo lina maana.

Katavi ina sababu yake ya pekee ya kulitazama suala hili. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Katika miaka 10 idadi imezidi kuwa maradufu, kwa watoto waliozaliwa na kwa watu waliohamia kufuata mashamba, malisho na dhahabu. Maana yake kwa mfanyabiashara wa Mpanda ni kwamba sehemu kubwa ya watu wanaopita mbele ya duka lake hawana mazoea ya zamani. Hawajui fundi gani ni mwaminifu wala duka gani lina dawa halali za mifugo. Byron Sharp, mtafiti wa masoko wa Australia, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2010 kwamba wanunuzi wengi wa bidhaa yoyote ni wale wanaoinunua mara chache, na kwamba kazi kuu ya tangazo ni kufanya jina liwe la kwanza kuja akilini siku hitaji linapotokea. Kwenye mji unaopokea wageni kila msimu, nafasi hiyo ya kwanza akilini bado iko wazi kwa biashara nyingi.

Kuna wanaodhani video haifai huku kwa sababu redio ndiyo inayosikika na simu janja hazijafika kila mkono. Redio ni muhimu na itabaki. Lakini video fupi haitegemei YouTube peke yake. Inashushwa mara moja na mwenye bando, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kikoba au la wazazi wa shule, inawekwa status, inaonyeshwa kwa jirani asiye na simu ya namna hiyo. Anayeituma ndiye anayeidhamini, na watu hutuma kile kitakachowafanya waonekane wa maana kwa wenzao: kile kinachosaidia, kinachochekesha au kinachoonya. Tunarudi pale pale kwenye kitu cha kutumia. Tena kipimo cha Dodoma kinawezekana hata kwa mwenye biashara ndogo. Peleka tangazo kwenye makundi ya Nsemulwa mwezi mmoja, usilipeleke Kawajense, na kila mteja anayeingia muulize anatoka wapi na nani kamwambia. Andika kwenye daftari. Mwezi unaofuata geuza. Hesabu hiyo, hata ikiwa ya mkono, ina thamani kuliko idadi ya waliotazama.

Jambo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Sauti inayoaminiwa ni mali, na mali huibiwa. Njia zile zile zinazofanya tangazo jema lishike ndizo zinazofanya tangazo la dawa ya kutibu kila ugonjwa lishike, au la mkopo wa haraka kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipiga marufuku programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Zilikuwa zimeshawafikia watu kwa matangazo mepesi, yanayoeleweka, yenye hatua moja tu ya kuchukua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza tangazo la kupotosha, lakini sheria hufika baada ya hasara. Anayeweza kufika kabla ni mwendesha kipindi. Yeye ndiye anayejua msikilizaji wake amemwamini kwa miaka, na ndiye anayepaswa kuuliza leseni, kuijaribu bidhaa, na kusema wazi hewani kwamba amelipwa. Wengine wanahofia kwamba kukiri malipo kunaua nguvu ya tangazo. Mimi naona kinyume: kilichomjengea nguvu hiyo ni msikilizaji kuamini kuwa hadanganywi, na siku akigundua amedanganywa, wadhamini wote waliobaki wanapoteza pamoja na mwendesha kipindi.

Na wewe unayejiandaa kulipia tangazo lako, usilirushe kabla ya kulijaribu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya kisicho na maana kwetu hutupotea ndani ya siku ya kwanza. Basi mtafute mtu asiyehusika na biashara yako, mwonyeshe au msikilizishe mara moja tu, na usimwambie kitu. Kesho yake mwombe akusimulie. Asipotaja jina lako, unachouza na mahali unapopatikana, fedha yako ibaki mfukoni na tangazo litengenezwe upya.